Nimekupima kwa Uzi, Osmundi

Nyumbani, Mbinga
Majira ya kupanda maharage

Marahaba, mdogo wangu.

Najua hujaniamkia. Ungekuwepo ungeanza wewe, tena kwa makelele, "Shikamoo Dada Skola!" ukiwa bado uko ng'ambo ya korongo, ili majirani wote wajue dada yako amefika kutoka Dar es Salaam na huenda kwenye mfuko ana sukari. Leo nimeitika bila kuamkiwa. Sisi wakubwa tukifiwa tunapoteza adabu, nivumilie.

Osmundi, nimekuja nyumbani, na nimekuja na wewe. Sehemu yako. Mwili wako tuliuacha Chiwanda kwa mjomba, kwenye ule mchanga wa ziwani, mwaka jana mvua zilipokuwa zinaisha. Lakini ubongo wako nilikwenda nao Dar es Salaam kama ulivyotaka mwenyewe, na sasa umerudi. Nitakueleza yote kwa mpangilio. Wewe hukupenda hadithi inayorukaruka. Mtu akiruka ulikuwa unamkatiza, "Rudi nyuma, umeacha watu njiani."

Basi narudi nyuma.

Mara ya kwanza ulianguka ukiwa darasa la pili, pale kwenye mashine ya kumenyea kahawa, Baba akiwa bado hai. Tulidhani umeteleza kwenye maganda. Mara ya pili ulianguka jikoni, mkono wa kushoto ukaingia kwenye mafiga, na hapo ndipo nyumba yetu ilipopata jina. Nyumba ya mwenye kifafa. Sahani yako ikatengwa, kikombe chako cha bati kikafungwa kamba kwenye kishikio chake ili mgeni asikikosee. Mama alikifunga mwenyewe, huku analia, kwa sababu asingekifunga yeye wangekifunga wengine.

Huku milimani Wamatengo na kule ziwani Wanyasa wanabishana kuhusu kila kitu, kuanzia mahari mpaka namna ya kupika kisamvu. Jambo moja wanakubaliana: povu la mtu aliyeanguka haliguswi. Ukiligusa limekuhamia, au limemhamia mwanao. Mtu akianguka unasimama mbali, unaita jina lake, unasubiri.

Kisha zikaja zile dawa. Sista wa zahanati alikuwa anakupa vidonge vya fenobabitoni ndani ya bahasha ya kaki, bure, ukawa unameza kila jioni na ukakaa muda mrefu mno bila kuanguka, hata watu wakaanza kujisahau. Ulirudi shule. Uliimba kwaya, sauti ya tatu, na ulikuwa unaimba vibaya, sitakudanganya kwa kuwa umekufa. Halafu nchi nzima ikageuka. Ushirika ukalegea, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na mizani nyuma ya pikapu, mjini Mbinga yakafunguliwa maduka ya mitumba na redio kaseti, na watu walifurahi. Hata mimi nilifurahi, nilipata sketi ya jinzi. Lakini dawa nazo zikahamia dukani. Leo zipo, kesho mwenye duka anakwambia mzigo haujafika kutoka Songea, rudi wiki ijayo. Kila zilipokosekana ulianguka, na kila ulipoanguka ilikuwa karibu na moto, maana kwetu baridi haikai mbali na moto.

Ndiyo sababu Mama alikubali uende Chiwanda kwa kaka yake. Kule hakuna baridi, hakuna miteremko, watu wanalala nje. Tulikukimbiza moto, mdogo wangu, tukakupeleka kwenye maji.

Mjomba ndiye aliyenisimulia. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, mko wengi pale ufukweni mnasuuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kabla ya kuwaanika kwenye chanja. Ulikuwa unawachekesha watu, alisema. Ukaanguka kifudifudi. Maji yalikuwa ya magotini. Waliita jina lako, Osmundi, Osmundi, wote, hata yule mama uliyekuwa unambebea ndoo zake. Wakatuma mtu amkimbilie mjomba. Mjomba akaja anakimbia, akaingia, akakutoa peke yake. Alikuwa amechelewa.

Hawakukuchukia. Afadhali wangekuchukia, ningejua hasira hii niielekeze wapi. Walikupenda, wakasimama.

Sasa nakuja kwenye lile uliloniagiza. Nilipopata kazi kwenye maabara ya anatomia, pale chuo cha udaktari, nilikuja likizo na wewe ukaniuliza kazi yenyewe ni ya kufanya nini. Nikakwambia tunapima mikunjo ya ubongo. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Serikali inakulipa upime makunyanzi?" Kisha ukajishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayekagua boga sokoni. Ukasema, Mama akiwa palepale anachambua maharage: "Dada, mimi nikifa, kichwa changu ukiangalie wewe. Usimwachie mtu. Halafu uniambie nilikuwa na nini."

Nilikukemea. Mama hakukukemea, aliendelea kuchambua. Siku ile ya msiba, daktari wa hospitali ya misheni alipokuja kutoa pole, Mama ndiye aliyesimama akasema mbele ya watu wote, "Mwanangu aliagiza kichwa chake dada yake akiangalie. Naomba ifanyike hivyo." Wako walioondoka msibani. Mama hakuwaangalia, na daktari akaifanya kazi hiyo kabla hatujakuzika.

Na Baba mdogo Gaudensi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu Baba alipotutoka, hakuruhusu uletwe huku juu. Unazijua mila, ulikuwa ukizitania. Mwenye kifafa halali na wenzake. Huzikwa kando, chini kwenye bonde la mto, bila matanga, na mvua ya kwanza inafuta mahali penyewe. Mama alimwomba ulale karibu na Baba. Alimwomba kwa kupiga magoti, Osmundi, mjane mzima.

Baba mdogo si mtu mbaya. Ndiye aliyenilipia nauli ya kwanza kwenda shule ya sekondari, na alikuwa akikuchongea pia za kuchezea. Alifikiri, akaniambia mimi mbele ya wazee: "Skolastika, wewe unafanya kazi na madaktari. Kapime. Ukirudi ukaniambia kichwa cha Osmundi kiliumbwa na kasoro, nitajua ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na hicho ulichokwenda nacho tutakizika pembeni ya baba yake, kwa heshima zote. Lakini kichwa kikiwa kizima, basi kilichokuwa kinamwangusha ni jambo la upande wa mama yenu. Hilo silipeleki makaburini kwa wazee wangu."

Kwa hiyo niliondoka na mambo mawili, swali lako na sharti lake, na yote mawili yako ndani ya ndoo moja yenye mfuniko.

Nikueleze namna tunavyopima, maana siku ile ulicheka hukunisikiliza. Ubongo ukikaa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, unakakamaa, unakuwa kama muhogo uliochemshwa. Kazi yote ya kufikiri na kukumbuka inafanywa na gamba lake la juu, la kijivu, jembamba sana. Gamba hilo ni pana kuliko nafasi ya fuvu, kwa hiyo limejikunja likaingia humo kwa kubanana. Sisi tunataka kujua limejikunja kiasi gani. Tunaukata ubongo vipande vya bapa kuanzia upande wa paji la uso kurudi kisogoni, tunapiga picha kila kipande, tunaikuza, tunachora ukingo wake kwenye karatasi angavu. Halafu tunaulaza uzi juu ya mchoro. Uzi wa kwanza unapita juujuu, unaruka mabonde yote. Uzi wa pili hauruki kitu. Unaingia kila mkunjo mpaka chini kabisa, unapanda, unaingia unaofuata. Ukizinyoosha nyuzi hizo mbili, kwa mtu mzima wa kawaida wa pili unauzidi wa kwanza zaidi ya mara mbili. Lakini wako watu waliozaliwa gamba halikujikunja vizuri, na baadhi yao wana kifafa. Kwa hao uzi wa pili unapungua.

Nilikuwa nautafuta uzi uliopungua. Naomba unielewe, niliutafuta kwa sala. Niliwasha mishumaa parokiani nikimwomba Mungu nikute kasoro kwenye kichwa cha mdogo wangu, sala ya ajabu, hata Mungu mwenyewe sijui aliipokeaje.

Kuna kigurudumu cha kupimia barabara kwenye ramani, tulikuwa nacho, lakini kilishashika kutu na cha kuagiza hakikuja. Ndiyo maana nilitumia uzi wa cherehani niliousugua kwa nta ili utulie pale unapowekwa. Ulichagua dada mshona ubongo.

Profesa wetu ni mtu mkavu, hana maneno mengi. Aliponiona nimeiweka michoro yako mezani na nimekaa mkao wa kuanza, akaichukua yote. Akaniambia, "Skola, utapima, lakini hutajua unampima nani." Akaichanganya na michoro ya watu wengine, akafuta majina, akaandika alama anazozijua yeye. Nilimkasirikia. Nilimwambia huyu ni ndugu yangu, nina haki. Akanijibu kwa upole, "Ndiyo sababu. Mkono unaotaka jambo huvuta uzi."

Basi nikapima watu nisiowajua, na wewe ukiwa katikati yao. Kila karatasi nilikuwa nikijiuliza, ni wewe? Nilitafuta kitu cha kukutambulisha, kama mtu anavyotafuta sura kwenye umati stendi ya Songea. Kisha nikampata mmoja. Upande wake wa kushoto mikunjo ilikuwa mifupi, mipana, imelala kama shuka iliyovutwa, na uzi wa pili ulipungua kweli. Nikajua ni wewe. Mkono wa kushoto ndio uliungua, nikauchanganya mkono huo na upande huo wa ubongo, akili ya msiba haina mantiki. Nilifunga mlango wa maabara nikalia. Karatasi zake nilizipima polepole, nikawa nazungumza nazo, nikisema Mama atafurahi, Baba mdogo atakubali, unarudi nyumbani. Nilimpima kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo.

Nilipomaliza wote Profesa akakaa na hesabu zangu. Akaniita. Akaanza kunieleza huyu ni nani na huyu ni nani. Yule niliyemlilia alikuwa mzee mmoja, hakuna anayejua kwao ni wapi. Namwombea mpaka leo, maana machozi niliyompa siwezi kuyadai.

Na wewe, Osmundi? Wewe nilikupima asubuhi moja haraka haraka, nikiwa na njaa, naimba wimbo wa redioni. Sikuhisi chochote. Ulikuwa wa katikati kabisa. Hujapungua, hujazidi, kushoto sawa na kulia. Sikukutambua kwa sababu hapakuwa na cha kukutambulisha. Profesa aliangalia na vipande vyembamba kwenye hadubini, akaniambia hajaona kitu anachoweza kukiapia. "Kifafa kingi hakionekani hivi," alisema. "Sisi tumepima mikunjo tu, Skola. Hatujapima kila kitu."

Nikamshukuru. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, na pale ngazini ndipo uongo uliponijia, umekamilika, umevaa na viatu. Nani huku kwetu angejua? Ningesema uzi ulipungua. Ningechukua mchoro wa yule mzee nikamwonyesha Baba mdogo, tazama hapa kushoto. Ungelala pembeni ya Baba, Mama angepumzika, na asingeumia mtu yeyote.

Nilikuosha dawa yote kwa maji, nikakufunga kwenye kitambaa cheupe, nikakuweka kwenye sanduku, tukapanda basi. Kutoka Songea konda alitaka kulirusha sanduku kwenye keria pamoja na mitumba ya watu. Nikamwambia huyu hapandi kwenye keria. Akaniangalia, akaliangalia sanduku, akasema, "Haya mama, mlipie siti basi." Nilikupakata. Tulipofika Kitai mvua ikaanza, basi likasota kwenye matope, na mimi ndani nafanya mazoezi ya uongo wangu, kimoyomoyo, mpaka nikawa naujua kama Baba Yetu.

Tulikaa barazani mchana, mimi, Mama, na Baba mdogo. Sanduku nililiweka kwenye mkeka. Nilitaka waelewe kwanza kipimo, nikaangalia huku na huku nikaona mlima wa mbele yetu umejaa ngolo za watu, yale mashimo na matuta kama masega ya nyuki. Nikamwambia Baba mdogo, mtu akilizunguka shamba la ngolo kwa pembeni anaona ni dogo. Lakini akipita ndani, akashuka kila shimo na kupanda kila tuta, jioni itamkuta hajamaliza. Uzi wa kwanza ni yule anayezunguka, wa pili ni yule anayeshuka na kupanda. Alielewa papo hapo, kuliko wanafunzi wengi wa pale chuoni. Akaniuliza, "Na wa Osmundi?"

Nilifungua kinywa niseme uongo.

Mama alikuwa ananiangalia. Hakuwa na uso wa kuomba, alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliyezoea kuambiwa. Na wewe ulikuwa umesema, uniambie nilikuwa na nini. Nikaona kwamba nikimdanganya mzee huyu nimekudanganya wewe. Ningekuzika karibu na Baba huku nimekupachika kichwa cha mtu mwingine.

Nikasema, "Ni sawa na wa watu wote, baba mdogo. Sawa na wangu. Sawa na wako."

Alijibu kwa masikitiko, sikusikia ushindi wowote kwenye sauti yake. "Basi nilikwishasema, mwanangu. Kama kichwa kilikuwa kizima, jambo hili lina mwenyewe."

Hapo nilishindwa kujizuia. Mimi na mdomo wangu unatujua. Nikamwambia sijui kilichokuwa kinamwangusha, na Profesa wangu hajui, na yeye pia hajui, tofauti ni kwamba sisi wawili tunakiri. Nikamwambia, "Lakini kilichomuua nakijua. Osmundi alikufa kwenye maji ya magotini, watu wazima wamesimama wanaita jina lake. Nimekipima kichwa chake hakikupungua kitu. Kilichopungua kilipungua pale ufukweni." Sikupaza sauti. Lakini nilikuwa nimekosa heshima, na sikuomba radhi.

Lakini Mama hakuwa kwenye ugomvi wetu kabisa. Alikuwa bado yuko nyuma, kwenye lile neno la kwanza. Akaniuliza kwa Kinyasa chake, lugha anayoirudia akiguswa, "Kwa hiyo nilimzaa sawasawa?"

Nikasema, ndiyo, Mama.

Akauliza tena. Nikamwambia ndiyo, ulimzaa mzima, hakuna kilichokosekana. Osmundi, kumbe miaka yote alikuwa anajihesabia. Kuni alizobeba na mimba yako, chakula alichokula, mtu aliyemwonea kinyaa njiani. Kila mtu aliyekuja kutoa pole alimwachia kosa moja la kujichagulia. Alicheka kidogo, halafu akalia kilio ambacho hakukilia Chiwanda, ameshika sanduku lako. Baba mdogo alivaa kofia akaondoka.

Mama alipotulia akasema, "Makaburi ni ya ukoo. Siwezi kubishana nao. Ngolo ni zangu."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, nikaogopa, nikafurahi. Kaburi kwetu huchimbwa na wanaume, mwanamke hatii jembe lake. Lakini ngolo ni kazi ya wanawake. Mwanaume hukata nyasi, huzikusanya na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, anaondoka. Mwanamke ndiye anayechimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunikia nyasi, shimo na matuta yake yakapatikana, akapanda maharage. Majira haya hakuna mtu kwenye milima hii anayeweza kumzuia mwanamke asichimbe ngolo shambani kwake.

Asubuhi tulikwenda. Nyasi zilishakatwa na kukauka, lakini sehemu ile ya juu zilikuwa zimelala ovyo, hazijapangwa. Kazi hiyo ulikuwa unaifanya wewe tangu Baba afariki, na mistari yako ilikuwa inapinda, Mama alikuwa anainyoosha ukishaondoka. Nikainama nizikusanye. Mama akanizuia. "Acha. Hiyo ina mwenyewe." Nikamuuliza mwenyewe nani, Mama, hakuna mwanaume hapa. Alisimama na jembe lake, nami nimesimama na wewe mikononi, jua linapanda, na nilidhani huzuni imemvuruga.

Ndipo Baba mdogo akatokea anateremka na ile fimbo ndefu ya kukusanyia nyasi. Nilijua anakuja kukataza. Akapita mbele yangu bila kunisalimu, akaanza kuzivuta nyasi. Akalaza mstari, akalaza wa pili ukaukata wa kwanza, akatengeneza mraba mmoja tu, ulionyooka kabisa. Akaegemea fimbo akapumua. Akasema, bila kumwangalia mtu, "Makaburini siwezi. Nilitoa neno mbele ya wazee. Lakini shamba la mama yake halitakosa nyasi."

Kisha akanyoosha mikono. Nilidhani anataka nimsaidie kupanda mteremko. Alitaka nimpe wewe. Osmundi, ni yuleyule mzee aliyekuwa akikisogeza kigoda chake mbali nawe ukipita. Alikupokea kwa mikono miwili kama anavyopokewa mtoto aliyetoka kubatizwa, akapiga goti, akakulaza pale mistari inapokutana. Alikaa hivyo. Sikujua kama anasali au amechoka. Aliposimama, Mama akaanza kuchimba, udongo ukakufunika taratibu, na mimi sikulia. Maharage tulipanda siku ileile.

Mengine ni habari ndogo. Mama anakula vizuri. Amefungua kamba ya kikombe chako na anakinywea chai. Kahawa ya mwaka huu ina maua mengi. Mwenye duka la dawa nilikwenda kumgombeza, akaniambia dada nami nangojea mzigo kama wewe, ikabidi nimwamkie upya.

Uliniuliza ulikuwa na nini. Sijui, mdogo wangu. Najua hakikuwa mikunjo, basi. Nitarudi mezani kwangu nitaendelea kupima, na Profesa akivumbua njia nyingine nitajifunza. Nataka ujue pia kwamba ngolo hazikai mahali pamoja. Baada ya miaka miwili zinachimbwa upya, palipokuwa na tuta panakuwa shimo, na utachanganyika na shamba zima la Mama. Nitakuja kuchimba naye. Na siku atakapokuwa hawezi nitachimba mimi.

Nimekumbuka kukwambia, Mama ameshaamua jambo kuhusu maharage hayo yakikomaa. Sehemu tutakula hapa. Sehemu anataka ipelekwe Chiwanda, kwa wale wa ufukweni, kwa yule mama wa ndoo na wenzake. Mimi nilikataa. Nilisema hawastahili. Mama akasema sikukuuliza nani anastahili. Basi nakuahidi nitayapeleka mwenyewe. Nitawaambia yametoka wapi kabla hawajawasha moto, sitawaficha. Atakayeondoka aondoke. Atakayekula, nitakaa naye chungu kimoja.

Lala, Osmundi. Mvua ya jioni imeanza, na huku kwetu unajua inavyokaa kwenye mashimo.

Dada yako,
Skola